Kung'oa kijicho cha kamera ya harusi na kukivaa kichwani

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni fundi simu hapa Morogoro. Marehemu baba alikuwa mpiga video za harusi, na kwenye vitu alivyotuachia kuna kamera mbili: ile kubwa ya VHS ya kubeba begani, na ndogo ya Hi8. Zote zinawaka ila hazirekodi. Nimeona watu wanatengeneza miwani yenye skrini ndogo mbele ya jicho. Je, naweza kutoa kile kioo cha kuchungulia kwenye kamera nikakivaa, ili niwe nasoma skimatiki (mchoro wa umeme wa simu) huku mikono iko kwenye bodi ya simu? Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee.

Kabla hujashika bisibisi, fungua mlango wa kaseti wa kamera zote mbili. Kamera za wapiga harusi hunifikia mezani kaseti ikiwa bado tumboni, na mara nyingine ndani yake mna sauti ya mwenye kamera mwenyewe akimwambia bibi harusi ainue kidevu kidogo. Ukiikuta, itoe uiweke pembeni. Usiichezeshe kwenye kamera mbovu, itatafunwa. Baada ya hapo ndipo tuongee ufundi.

Inawezekana, tena mali iko kwenye ile kubwa, ambayo nahisi ndiyo ulitaka kuwapa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kijicho chake, ambacho mafundi tunakiita vyufainda, ni televisheni nzima iliyofinywa. Ndani mna picha tyubu ya kioo ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa kawaida ya nusu inchi hadi inchi moja, mna koili za kuupeleka mwanga huku na huku, na mna bodi yake inayojizalishia volti kubwa. Inachodai kutoka kwenye kamera ni vitu vitatu tu: umeme, graundi na video. Video yenyewe ni ileile ya tundu la njano la deki au king'amuzi, yaani wimbi la volti 1 toka chini hadi juu, kwenye mzigo wa omu 75. Kwa hiyo kitu chochote chenye tundu la njano kinaweza kutoa picha ndani ya kijicho hicho, kamera yenyewe ikiwa imeshakwenda zake.

Ile ndogo ya Hi8 ichunguze kwanza. Kama ukichungulia unaona menyu kwa rangi, ndani ni LCD, na hiyo itakutesa. Haipokei video ya kawaida. Inataka nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa waya wake, pamoja na mapigo ya saa kutoka bodi kuu, vyote kupitia utepe mwembamba wenye nyaya kibao. Nimeshapoteza Jumapili zangu nyingi kwenye tepe hizo, na sikushauri. Wala usibabaishwe na maandishi ya boksi yanayosema nukta 113,000. Huwa wanahesabu kila rangi kivyake, kwa hiyo gawanya kwa tatu, unabaki na nukta kamili kama 37,700 hivi. Chukua lenzi yake, mengine achana nayo.

Ila kama hiyo Hi8 inaonyesha nyeusi na nyeupe, na ukiisogeza sikioni unasikia mluzi mwembamba kama wa mbu aliye mbali, basi ina tyubu, na kwa kuvaa kichwani itakufaa kuliko ile kubwa kwa sababu ni nyepesi. Mluzi huo ni mistari ya picha, 15,625 kwa sekunde katika mfumo wa video wa PAL tunaoutumia huku. Mimi sikio langu limeshaacha kuusikia. Nikitaka kujua tyubu imewaka au la, namwita mwanagenzi wangu wa miaka 17, huyo ndiye mita yangu.

Na usidhani unafanya jambo la ajabu. Ivan Sutherland wa Marekani alishafunga tyubu ndogo mbili kichwani mwaka 1968, chombo kikiwa kimeunganishwa na mkono wa chuma ulioning'inia kutoka darini. Anayekufanana wewe hasa ni Steve Mann wa Kanada. Mwaka 1981 alifunga kompyuta ya prosesa 6502 kwenye fremu ya chuma ya begi la mgongoni, akaiendesha kwa betri za asidi kama za gari, na skrini yake ilikuwa vyufainda ya kamera iliyofungwa kwenye helmeti. Ilimpa herufi 40 kwa mstari. Ishike hiyo namba 40, maana inagusa lile jambo ambalo hutalifurahia.

Skimatiki ya simu hutaisoma humo. PAL ina mistari 576 inayobeba picha, lakini tyubu ndogo hivi haiwezi kuchora nukta nyembamba kiasi cha kuitumia yote, na mchoro wa PDF wenye majina ya laini yaliyobanana utaonekana kama ukungu wa Uluguru asubuhi. Ukiingia kwenye kazi hii ukitegemea skimatiki nzima, utaitupa baada ya wiki. Kinachosomeka vizuri ni mistari michache ya herufi kubwa: volti ya laini unayopima, thamani ya komponenti, hatua inayofuata. Cha pili kinachokaa vizuri mno, na ndicho ningekifanya ningekuwa wewe, ni picha ya bodi yenyewe ikiwa imekuzwa. Nitakirudia.

Sasa nyaya. Kwa kuwa kamera zinawaka, una faida ambayo wengi hawana, kwa hiyo usikate kitu bado. Fungua ganda la vyufainda mpaka uone pale nyaya zinapoingia kwenye bodi yake ndogo. Washa kamera, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye bati linalokinga bodi, kisha gusa kwa ncha nyekundu waya mmoja mmoja. Ule wenye volti zilizotulia, mara nyingi 5, nyingine huenda juu zaidi, ndio umeme. Andika namba hiyo kwa kalamu kwenye ganda, usitegemee kichwa. Video mara nyingi ni ule waya uliovikwa wavu wa shaba, na wavu huo ni graundi. Nyaya zinazobaki huwa za taa nyekundu ya kurekodi na maonyo ya betri, hazituhusu. Upande mmoja tu usipeleke ncha ya mita wala kidole: pale penye kitransfoma kidogo na waya mnene unaoingia ubavuni mwa tyubu. Hapo pana volti elfu kadhaa. Nguvu yake ni ndogo, haitakuua, ila mkono utaruka wenyewe, na mkono ukiruka ndani ya kitu cha kioo kuna kinachovunjika.

Nakwambia kwa uchungu. Tyubu yangu ya kwanza niliitoa kwenye ganda nikiwa na haraka, nikaivuta kwa soketi ya nyuma badala ya kuilegeza kwanza. Shingo yake ni nyembamba kuliko kalamu ya bik. Nikasikia "fsss" fupi, hewa ikaingia, nikabaki na kipande cha chupa mkononi. Tangu siku hiyo silitoi ganda lote kama hakuna sababu. Natoa kipande kizima, tyubu, bodi na lenzi vikiwa pamoja kama kiwanda kilivyovifunga.

Ukishajua nyaya zako, zima kamera, chomoa kijicho, ukiletee umeme kutoka ile pawa saplai ya mezani unayowashia simu. Weka volti ulizoandika, angalia ampea. Kwa kawaida hula kati ya miliampea 100 na 200. Ukiona sindano imepanda kuelekea nusu ampea, zima haraka, kuna shoti au umegeuza nyaya. Ikiwaka salama, utaona mng'ao wa kijivu. Sasa chukua waya wa AV wa king'amuzi, pini ya njano: katikati kwenye video, nje kwenye graundi. Mimi mara ya kwanza nilimpata mtangazaji wa taarifa ya habari, kichwa chake kama punje ya harage, ila ukiweka jicho kwenye lenzi anakuwa mtu kamili. Picha ikikimbia juu chini au ikilala upande, kwenye bodi kuna vitufe vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi. Kabla ya kugusa chochote, chora mstari wa maka kuonyesha kilipokuwa. Kimoja ni mwanga, kingine ukubwa wa picha, kingine fokasi. Usivizungushe vyote kwa pamoja ukitafuta bahati.

Tuje kwenye jicho, ambako wengi wanaharibu. Jicho la mtu mzima haliwezi kuona vizuri kitu kilicho sentimita 3 mbele yake, ndiyo maana lenzi ya kijicho ipo: inaichukua picha iliyo karibu na kuifanya ionekane iko mbali. Pima lenzi yako hivi: simama mbali na dirisha, iweke lenzi mbele ya karatasi nyeupe, isogeze mpaka dirisha lichoreke kichwa chini miguu juu likiwa kali. Umbali wa lenzi na karatasi ndio fokasi yake. Tuseme umepata milimita 30 na tyubu yako ni ya nusu inchi. Picha hiyo italingana na televisheni ya inchi 33 iliyo mita 2 kutoka ulipokaa, inatosha kabisa.

Lakini wewe hufanyi kazi mita 2. Bodi ya simu iko kama sentimita 40 kutoka usoni, na ukiacha picha "ikae" mita 2, kila ukihama kutoka bodi kwenda skrini jicho linabadilisha fokasi, na baada ya nusu saa kichwa kitakugonga. Dawa yake ni ndogo. Ile ringi au kitelezi cha kurekebisha macho kwenye vyufainda husogeza lenzi. Kwa lenzi ya milimita 30, picha inakaa sentimita 40 ukiwa umeisogeza lenzi karibu na tyubu kwa milimita 2 tu kutoka pale inapoonyesha mbali kabisa. Huhitaji kupima kwa rula: weka bodi ya simu mahali pake pa kila siku, itazame kwa jicho moja, jingine liwe kwenye kijicho, sogeza kitelezi mpaka vyote viwili viwe vikali kwa wakati mmoja. Kisha kibane kwa tone la gundi. Kama unavaa miwani ya kusomea, fanya hivyo ukiwa umeivaa.

Kijicho kinaweza kutazamwa moja kwa moja, kikiwa kimeshikizwa juu kidogo ya jicho ili uinue macho tu unapokihitaji. Lakini kinachomoza mbele kama pembe. Watu hukilaza ubavuni mwa kichwa sambamba na sikio, halafu kioo kidogo cha nyuzi 45 kinaileta picha jichoni. Kioo cha kawaida cha kujitazamia hakifai, maana rangi yake ya fedha iko nyuma ya kioo, kwa hiyo utaona herufi mbili mbili, moja ikiwa kivuli cha mwenzake. Unachotaka ni kioo chenye fedha upande wa mbele, nacho kimejaa kwenye kamera za filamu zilizokufa, zile Zenit na Pentax za wapiga picha wa zamani: ukitoa lenzi unakiona mbele yako, kimeinama nyuzi 45 tayari. Usikifute kwa kitambaa, kinakwaruzika kwa kukitazama vibaya. Kipulize tu.

Hapo hapo nikuonye: usije ukahamia kwenye kamera ndogo zenye flashi kutafuta vipuri. Kapasita ya flashi hushika volti kama 300, na hukaa nazo siku nyingi baada ya betri kutolewa. Hiyo ndiyo hatari ya kweli kwenye ufundi huu, kuliko tyubu. Kama ni lazima, gusisha miguu yake kwenye balbu ya zamani yenye waya ndani, ya volti 230, kwa sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita kabla ya kuleta mkono.

Vipi kama unataka kuona picha na mbele yake kwa pamoja, kama miwani za dukani? Kipande cha kioo kitupu kilichoinamishwa kitarudisha kama sehemu moja ya kumi ya mwanga, tena kwa nyuso mbili. Usiku ndani ya kibanda inapendeza, mchana mlangoni huoni kitu. Google walipouza miwani yao mwaka 2013 kwa dola 1,500, waliweka kipande maalumu cha kugawa mwanga, na bado jua liliwasumbua watumiaji. Weka kioo kamili upande mmoja, acha jicho la pili huru. Ubongo unazoea ndani ya siku mbili tatu.

Kioo kimoja kinaleta balaa moja: maandishi yanageuka, kama lile neno "AMBULANCE" lililoandikwa kinyume mbele ya gari la wagonjwa. Kwenye tyubu dawa ni rahisi mno. Koili zina nyaya nne, jozi mbili. Pima omu: jozi yenye omu chache ni ya kulia na kushoto, yenye omu nyingi ni ya juu na chini. Zima umeme, badilisha nyaya mbili za ile jozi ya omu chache, hii hapa, ile pale. Picha inajigeuza. Ikisimama kichwa chini umeshika jozi isiyo yake. Usiwashe hata sekunde moja koili ikiwa imeachia, maana mwanga wote utajikusanya kwenye mstari mmoja na kuuunguza unga wa tyubu, na kovu hilo halitoki. Angalia pia kama vyufainda yako kubwa ina kioo chake ndani tayari. Nyingine zinacho, utakijua kwa kuwa tyubu imelala upande na lenzi imeangalia upande mwingine. Hiyo kiwanda kilishaigeuza, ukiongeza kioo cha pili lazima uigeuze tena.

Chanzo cha picha una kadhaa, na nina hakika kimoja kimo kwenye droo yako. Nokia N95 ya mwaka 2007 hutoa video kwenye tundu lake la earphone, ikiwa na waya wake wa AV. Ukienda kwenye mipangilio ukachagua PAL, skrini ya simu nzima inahamia jichoni. Ukitaka kitu cha kudumu, Arduino Uno, bodi ndogo ya kuprogramu, yenye laibrari ya TVout na rezista mbili tu, omu 470 na kilo-omu 1, inatoa nukta 128 kwa 96. Kwa herufi za kawaida hiyo ni mistari 12 ya herufi 21. Inatosha kuonyesha volti na jina la laini, na haigharimu kitu cha kukutisha. Raspberry Pi Zero, kompyuta ndogo ya bodi moja, ina matundu mawili yaliyoandikwa TV, unachomelea waya hapo. Kwenye mfumo wa zamani unaandika sdtv_mode=2 ndani ya config.txt ili ipate PAL, na kwenye mifumo mipya video hiyo huwashwa kwa kuongeza ,composite (pamoja na mkato wake) mwishoni mwa mstari wa dtoverlay=vc4-kms-v3d. Daima maandishi meupe juu ya nyeusi, na mwanga uwe mdogo. Mstari uleule ukikaa mahali palepale wiki nzima utajichora kwenye tyubu.

Nilisema nitairudia picha ya bodi. Tafuta kamera ndogo ya CCTV ya analogi. Hizi za siku hizi nyingi zina kitufe cha kuchagua mfumo, weka CVBS, yaani video ileile ya tundu la njano. Izungushe lenzi yake nje taratibu mpaka iwe inaona kwa ukali kitu kilicho sentimita chache, ifunge kwenye mkono wa taa ya mezani juu ya bodi, uipe volti 12 zake, waya wake wa video uende moja kwa moja kwenye kijicho. Hakuna kompyuta, hakuna programu, hakuna kuchelewa kwa picha. Unainua jicho kidogo tu unaona mguu wa IC (chipu) mnene kama kijiti, na ncha ya pasi ikiushukia. Mimi nimechomelea nyaya za kuruka mara nyingi zaidi kwa namna hiyo kuliko kwa hadubini niliyoinunua.

Kukivaa, usihangaike na fremu ya miwani, itakuvunja pua. Chukua mkanda wa taa ya kichwa, ile ya kuendea shambani usiku, toa taa, funga kijicho kwa bati la alumini lililokunjwa ili uweze kulipinda. Betri iweke nyuma ya kisogo, isawazishe uzito. Pawabenki inatosha kwa kijicho cha volti 5, ila nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo, kwa hiyo ijaribu kabla hujaifunga. Kama chako kinataka volti nyingine, tumia kijibodi cha kupandisha au kushusha volti, kirekebishe kwa mita kikiwa kitupu ndipo ukiunge. Anza na dakika 10 kwa siku. Na ukitoka nje ya kibanda kivue, hata kama umekwenda kununua chai tu ng'ambo ya barabara.

Ukifungua ganda la ile kubwa ukakuta nyaya zinazoingia zimezidi sita, au nyaya mbili zote zimetulia kwenye volti na hujui upi ni upi, piga picha bodi pande zote mbili, mwanga uwe wa kutosha namba za IC zisomeke, nitumie kabla hujaitoa kwenye kamera.